Msumeno wa Ezelma

Jumanne ile Ezelma alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni anapara samaki. Chewa wawili, kaletewa na Hosea jirani yetu. Mimi nilikuwa ndani nakoroga uji wa mahindi, maana tangu magoti yaanze kumsumbua, uji umekuwa kazi yangu. Nilisikia tu kwaru, kwaru, kwaru. Macho yangu yana ukungu siku hizi. Mtu akiwa hatua tatu namjua kwa sauti au kwa kofia.

"Bwana Bowleg," akasema, "uji unanuka."

"Haunuki."

"Unaungua. Mimi nimeunguza uji kuliko mwanamke yeyote wa kisiwa hiki. Naijua harufu yake."

Ulikuwa umeungua.

Akiniita Bwana Bowleg, nina kosa. Akiniita Fonso, sina, au limesamehewa. Miaka hamsini na mitatu nimeishi kwa kusikiliza hilo.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Alhamisi ya wiki hiyo hakuamka.

Kanisani walichapisha karatasi ya maisha yake. Wakaandika kazaliwa wapi, kazaa wangapi, kasimama mlangoni kupokea watu kwa miaka thelathini, kavaa glavu nyeupe. Msumeno hawakuuandika. Nikamuuliza mchungaji. Akasema karatasi ilikuwa fupi. Mimi nina daftari zima. Shule niliiacha nina miaka tisa, kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Na kuna langu humu. Nilimkosea siku moja, siku aliyoingoja kwa hamu, kisha nikamdanganya. Nimekaa na uongo huo miaka arobaini na mitano. Jumanne ile, uji ukiungua, ndipo nilipoamua kusema. Alichonijibu nitakuja kukisema. Kwanza msumeno.

Hapa kwetu, kisiwa cha Cat, ngoma ni vitu vitatu: kodiani, ngoma ya ngozi ya mbuzi, na msumeno wa seremala. Mpigaji anaushika mpini, ncha anaikazia kwenye paja au goti, anaukunja, na kwa mkono wa pili anapitisha kisu kwenye meno. Akiukunja zaidi, sauti inapanda. Akiulegeza, inashuka. Miguu ya watu inafanya yenyewe.

Ezelma aliuchukia. Mama yake alikuwa mtu wa kanisa kuliko kanisa lenyewe, akamfundisha kwamba ile ni sauti ya Shetani anapiga mswaki. Nilipomposa, mama alinitazama mikono akauliza, "Wewe ni seremala. Msumeno wako unakata au unaimba?"

"Unakata, mama."

"Ukiimba, binti yangu arudi."

Basi nikaoa. Msumeno ulikuwa wa baba yangu, chuma kizuri kilichovuka bahari kabla sijazaliwa, mpini umeshikwa mpaka umekuwa na umbo la mkono wetu. Nilikuwa na msumeno huo mmoja tu. Niliutumia kujenga mapaa, madirisha, mashua ndogo, majeneza. Jioni niliupaka mafuta na kuutundika. Watoto walijua wanaweza kugusa bunduki ya babu yao kabla ya kuugusa msumeno.

Mwaka ule wa sabini na nne, mwezi wa tatu, nilikuwa juu ya paa letu naziba mahali panapovuja. Mvua ilikuwa inakuja. Nilikuwa nakata mbao za msonobari zilizoletwa na meli ya barua, mbichi, zimejaa utomvu, na msumeno ukawa unanasa. Nikamrushia Ezelma chini.

"Mke wangu, nikwangulie huo utomvu. Upesi."

"Mimi napika."

"Mvua haisubiri uji."

Akaupokea kama mtu anayepokea nyoka. Akakaa kizingitini, akachukua kisu butu cha jikoni, akaanza. Kwaru. Kwaru. Uso kaugeuzia pembeni.

Ng'ambo ya ua Hosea alikuwa anapasha ngoma yake moto. Ngozi ya mbuzi isipopata moto inalia kama debe la maji. Anaipasha, anaipiga kidogo, anaipasha tena. Du-dum. Du-dum.

Utomvu wa karibu na mpini ni mgumu. Ezelma akauweka msumeno gotini, akaukandamiza ili apate nguvu. Chuma kikajikunja. Kwaru ikapanda ikawa kwiri.

Akasimamisha kisu. Mimi nilikuwa juu, nimeshika nyundo, namtazama.

Akafanya tena. Kwaru, kwiri. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Juu hakuangalia, watu huwa hawaangalii juu. Hosea akapiga du-dum. Ezelma akajibu kwaru-kwiri. Hosea akanyamaza, kisha du-dum tena, safari hii kwa kuuliza. Kwaru-kwiri, kwaru-kwiri. Bega la kushoto la mke wangu likaanza kutikisika. Bega hilo nilikuwa nalijua miaka minane, na halikuwa na tabia hiyo.

Mvua ikanyesha. Hakuinuka. Nilishuka nimelowa, uji umekuwa mkaa, watoto watatu wamesimama na bakuli mikononi wanamtazama mama yao.

Akainua uso. Akasema, "Fonso, huu msumeno una mtu ndani."

Tangu siku hiyo msumeno wangu haukukosa uchafu.

"Leta nikusafishie."

"Uliusafisha jana."

"Una utomvu."

"Sijakata kitu tangu jana, utomvu utoke wapi?"

"Bwana Bowleg, nimesema una utomvu."

Alijifunzia jikoni, mlango umefungwa, kwa sababu ya mama yake aliyekaa nyumba ya nne. Alivaa kofia ya kanisani. Nikamuuliza kofia ya nini ndani ya nyumba. Akasema, "Bwana Mungu akitazama, asione kichwa wazi." Uji uliungua, wali na mbaazi ukaungua, mkate wa sufuria ukawa mgumu hata kaa wa nchi kavu wakaukataa. Watoto walijifunza kula kwa Hosea.

Bendi ya kijiji wakati huo ilikuwa ya Irvin Zonicle, mpiga kodiani. Irvin alikuwa na tumbo kubwa, na kodiani ilikaa juu yake kama mtoto aliyeshiba. Mpiga msumeno wake alikuwa amehamia Nassau, mji mkuu, kwa binti yake. Ikawa miezi mitatu kabla ya sikukuu ya Agosti, ambapo wote waliotoka kisiwani hurudi na meli, na bendi za vijiji zinashindana mchana uwanjani. Zawadi ni mbuzi. Watu wa kaskazini walikuwa wamechukua mbuzi miaka minne mfululizo, na kila mwaka walimpitisha barabarani mbele ya nyumba zetu wakimwimbia.

Irvin akaja kwangu. "Fonso, niazime msumeno wako. Nitatafuta kijana wa kuupiga."

Kabla sijajibu, Ezelma akatoka jikoni na kofia yake.

"Msumeno hauazimwi. Una mwenyewe."

"Mwenyewe si Fonso?"

"Fonso ana mpini. Sauti ni yangu."

Irvin akacheka mpaka kodiani ikajipiga. "Dada Ezelma! Mwanamke na msumeno! Utakata nini?"

"Ulimi wako, kama utabaki nje ya mdomo."

Ezelma akakaa, akapiga. Irvin aliacha kucheka katikati. Hosea aliruka ua na ngoma mkononi. Mimi nilishika mlango, maana nilijua kilichokuwa kinaondoka nyumbani kwangu hakitarudi.

Jioni ile aliniambia jambo. Tulikuwa tunachambua mbaazi. Akasema, "Fonso, mimi tangu nizaliwe nimesimama mlangoni napokea watu. Kanisani, kwenye harusi, kwenye maziko. Watu wanaingia, mimi nabaki mlangoni. Siku moja tu nataka niwe ndani."

Niliyasikia maneno hayo. Sitasema sikuyasikia.

Lakini jamani, msumeno. Kisu kinapopita juu ya meno kila siku, meno yanaliwa. Yakiliwa, sauti inakuwa laini, ndivyo wapigaji wanavyotaka. Yakiliwa, msumeno haukati. Unatafuna. Mwezi wa sita nilitengeneza mlango wa kanisa. Mbao nzuri, nilijifunga mkanda nikakata kwa nguvu, na msumeno ukaenda ulikotaka wenyewe. Tukautia mlango. Ukafunguka nusu, ukagoma.

Mchungaji wa wakati ule akauzunguka mara mbili. "Bwana Bowleg," akasema, "sisi ni Wabatisti. Mbona mlango wetu umelewa?"

Kijiji kizima kikapata la kusema. Nikipita dukani: "Seremala, leo umeruhusiwa kuazima?" Nikipita kisimani: "Fonso, mkeo akienda kwenye bendi, unga upo chini, chumvi juu." Hosea mwenyewe, rafiki yangu, alinifungia aproni kiunoni mbele ya watu. Nilicheka nao. Nikirudi nyumbani sicheki. Meza ina mkaa, karakana ina mbao zilizokatwa kama zimeng'atwa na mbwa, na jikoni kwaru-kwiri. Ningeweza kuagiza msumeno mwingine kwa meli. Nilikataa. Nilisema, mimi ninunue msumeno wakati ninao?

Siku ya sikukuu ikafika. Ezelma aliamka mapema kumsuka binti yetu na kupiga pasi gauni lake la bluu la Pasaka. Msumeno ulikuwa mezani. Nikauchukua nikaenda nao karakana. Nikaubana. Nikachukua tupa ya baba yangu, ile ya pembe tatu, mpini kauchonga mwenyewe.

Nilinoa jino moja moja. Kisha nikayapanua meno, moja kulia, moja kushoto, kama baba alivyonifundisha. Sijawahi kunoa vizuri vile maisha yangu yote. Kwa kila jino nikaiambia nafsi yangu: msumeno ni wa kukata. Nilijua kitakachotokea. Seremala gani hajui? Kisu butu juu ya meno mapya hakipiti, kinang'atwa.

Akanikuta namalizia.

"Unafanya nini?"

Hapo ndipo nilipodanganya. Nikasema, "Nakunolea, mke wangu. Siku kubwa, chombo kiwe safi. Tazama kinavyong'aa."

Aliutazama. Akanitazama mimi. Akasema, "Kinang'aa kweli." Akaufunga kwenye kitambaa cha meza, tukaenda.

Uwanja ulijaa. Watu wa Nassau na viatu vyao vipya, moshi wa samaki, watoto, mbuzi kafungwa kwenye nguzo na utepe shingoni. Mama mkwe alikuwepo pia, kakaa mbele, kashika Biblia kama ngao. Wa kaskazini walianza. Walipiga vizuri, tusidanganyane. Watu walicheza jozi kwa jozi mpaka vumbi likawa juu ya vichwa.

Ikaja zamu yetu. Irvin akaketi, Hosea akaketi, na katikati yao Ezelma, gauni la bluu, kofia. Mnong'ono ukapita. Kijana mmoja wa kaskazini akapiga kelele, "Mama, jikoni ni upande ule!"

"Nimetoka huko," akamjibu, "nimeunguza kila kitu."

Watu wakacheka, wakawa wake. Irvin akafungua kodiani. Ezelma akaweka ncha gotini, akaukunja msumeno, akapitisha kisu.

Sauti iliyotoka sijaisikia tena. Ilikuwa kama paka amekanyagwa na punda. Mbuzi akakata utepe. Ezelma akajaribu tena. Kisu kikang'atwa, kikaruka, kikatua kwenye bakuli la mbaazi la bibi mmoja wa Nassau. Na msumeno ulipomponyoka gotini ukashuka na gauni la Pasaka, mkato mmoja ulionyooka kutoka gotini mpaka chini. Nilijisemea, lo, umenolewa huo. Kisha nikaona aibu hata ya mawazo yangu.

Uwanja mzima ulicheka. Irvin akafunga kodiani. Mama mkwe akafungua Biblia. Kijana yule wa kaskazini akasema, "Sasa kweli anakata!"

Ezelma alikaa. Kofia imeinama. Nilidhani analia. Nilianza kusogea niende nikamchukue. Kumbe alikuwa anatazama chini. Miguuni pake palikuwa na ukuta mdogo uliobomoka, wa mawe ya chokaa, yale yetu makali yanayokula viatu. Akainama akachukua jiwe la kujaa kiganja. Akaulaza msumeno juu ya mapaja, meno juu, akayapitishia jiwe.

Shaaa.

Watu wakazidi kucheka. Yeye, shaaa. Shaaa. Polepole, bila haraka, kama mtu aliye peke yake nyumbani. Vumbi jeupe likamwagika kwenye gauni. Hosea, Mungu amzidishie siku, akaisikia. Akaweka du-dum katikati. Shaaa, du-dum. Shaaa, du-dum. Wazee wawili nyuma wakaanza kutikisa vichwa. Bibi wa Nassau akaweka chini mbaazi zake. Shaaa, shaaa, du-dum. Irvin akafungua kodiani kidogo, kwa woga, kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa. Na bega la kushoto la mke wangu likatikisika.

Alipoona meno yamekubali, akatupa jiwe. Kisu hakikuwepo. Akanyoosha mkono, bibi wa Nassau akampa, kimejaa mbaazi. Hakukifuta. Akaukunja msumeno, kwaru-kwiri, na uwanja ukainuka wote. Wa kaskazini walicheza. Mchungaji alitikisa mguu mmoja, akausimamisha kwa mkono. Mama mkwe alikaa, lakini Biblia ilikuwa inapiga paja lake, na ilikuwa inapiga sawasawa.

Mbuzi hatukumpata. Alikuwa keshakimbilia porini, akaonekana baada ya siku tatu. Lakini wa kaskazini walimwendea Ezelma wakamuuliza lile jiwe ni la wapi. Mwaka uliofuata mpigaji wao alianza na jiwe. Mpaka leo wanaanza na jiwe, na wakiulizwa wanasema ni desturi ya mababu. Mimi nikiwasikia nanyamaza.

Tulirudi kwa miguu. Gauni kalibana kwa pini. Watoto walitangulia wakiimba. Nikasema, "Nilitaka kukusaidia tu."

Akasema, "Najua, Fonso."

Fonso, si Bwana Bowleg. Ningepata kofi ningelala vizuri. Wiki hiyo hiyo niliagiza msumeno mwingine kwa meli ya barua, wa baba nikamwachia. Tupa sikuweza kuitazama. Niliizika chini kabisa ya debe la misumari yenye kutu, nyuma ya karakana, nikawaambia watu imeanguka baharini. Nikanunua nyingine, mbaya.

Yeye alipiga na Irvin mpaka Irvin akafa. Akapiga na mtoto wa Irvin. Jumapili glavu nyeupe, Jumatatu ya sikukuu msumeno. Kila Agosti walimwita mbele kabla ya kodiani, na kila Agosti nilijiambia, leo nitamwambia. Kisha anarudi amechoka na amefurahi, nami naweka chai.

Mlango wa kanisa bado unagoma nusu. Walitaka kuubadilisha, akakataa. Jeneza lake lilipopita pale ilibidi waliinamishe upande, Hosea akanong'ona, "Anatuambia tusubiri." Nilicheka kanisani. Watu walidhani nalia.

Sasa Jumanne ile. Uji nimeutoa motoni. Kwaru, kwaru kizingitini. Nikamwendea, nikasimama.

"Ezelma, nina neno."

"Neno kabla ya chai ni la polisi."

"Ile siku ya Agosti. Gauni la bluu. Sikunoa kukusaidia. Nilinoa ili usipige."

Kwaru ikasimama. Kuku walikuwa wanazozana uani. Akainua mkono wake uliolowa, akanisogezea usoni kile alichokuwa anaparia samaki, karibu kabisa, maana anayajua macho yangu. Kilikuwa chuma cha pembe tatu, kimejaa magamba. Mpini wake baba yangu alikuwa ameuchonga kwa mkono.

Akasema, "Miaka arobaini na mitano. Mimi nilikuwekea hamsini ndipo uungame, Fonso. Lete sahani."